Yule Askari wa Posta anaitwa nani?



Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Dar es Salaam. Asubuhi niko shule ya msingi, jioni niko madrasa. Siku moja niliwauliza watoto wa darasa la tatu jina Kariakoo limetoka wapi. Mmoja akajibu ni sokoni, mwingine akasema ni kwa Simba na Yanga. Hakuna aliyejua kuwa ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kilichokuwa na kambi yake pale katika Vita Kuu ya kwanza. Wengi wa watoto hao wanalala Kariakoo kila siku.

Ndipo nilipoamua kuwafundisha habari za vita ile iliyopiganwa katika ardhi yetu tangu Agosti 1914 mpaka Novemba 1918. Nakiri kuwa nilianza vibaya. Nilianza na majemadari: Lettow-Vorbeck kwa Wajerumani, Smuts kwa Waingereza, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Mahiwa Oktoba 1917. Watoto wakapiga miayo. Nilipofika kwenye nyuki wa Tanga waliowauma askari kutoka India wakaamka wote, lakini baada ya hapo ukawa ni mchezo wa kupigana risasi kwa vidole hadi kengele ikalia.

Juma lililofuata nikaja na mfuko wa unga wa kilo 25. Mzigo wa mpagazi ulikuwa uzito wa namna hiyo. Nikamwambia kila mmoja ajaribu kuunyanyua. Wawili wawili waliusogeza kidogo tu. Nikawauliza: mkipewa mzigo huu kichwani, mkatembea miguu mitupu mpaka Morogoro, mvua inanyesha, mna funza miguuni, na posho ni unga usioiva vizuri, mtafika? Darasa likanyamaza. Kisha nikawaambia kuwa jumla ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliochukuliwa inakaribia milioni moja, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa ni zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, si kwa risasi. Mtoto wa miaka tisa hahitaji picha za maiti. Njaa anaijua, miguu inayouma anaijua, na kukaa mbali na mama anakujua.

Baadaye tukaenda Posta, kwenye sanamu la Askari lililosimamishwa mwaka 1927. Mzazi mmoja alinijia juu: ustadh, unawapeleka watoto wetu kwenye masanamu? Nilimjibu kuwa tulikwenda kusoma. Pale chini mna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za kirumi, na ya Kiswahili hicho hicho kwa herufi za Kiarabu. Wanangu wa Juzuu Amma wakaanza kuunganisha herufi moja moja wakidhani ni Kiarabu. Binti mmoja akapiga kelele: "Ustadh, mbona ni Kiswahili!" Hiyo peke yake ilitosha kunilipa nauli ya daladala.

Maandishi yale yanawataja askari wa Kiafrika na wapagazi, na yanaahidi kuwa mwenye kupigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kijana mmoja akauliza: "Sasa huyu anaitwa nani?" Nikatazama. Hakuna jina hata moja. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Dola ya Uingereza ilikiri yenyewe, katika ripoti yake, kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Na nchi iliyopiganiwa ilikuwa ya nani? Mmanyema, Mnyamwezi na Msudani wa upande huu walipigwa risasi na ndugu zao wa upande ule, na Muislamu akamuua Muislamu. Istanbul ilitangaza jihadi pamoja na Mjerumani mwezi Novemba 1914, wakati Waingereza nao walikuwa na Waislamu tele katika majeshi yao.

Swali gumu lilikuja tukiwa njiani kurudi. "Ustadh, babu yake babu alikuwa askari wa Mjerumani akafa. Ni shahidi?" Nikajibu haraka, "Ndiyo, inshaallah," maana nilimwonea huruma. Kesho yake nikamkuta anawatambia wenzake kuwa wa kwao ni shahidi na wa kwao wao ni makafiri kwa kuwa walikuwa kwa Waingereza. Nililazimika kusimama mbele ya darasa na kusema kuwa nimekosea. Nikawaeleza kuwa Mtume (s.a.w) aliulizwa kuhusu anayepigana kwa ushujaa, kwa ukabila au kwa kujionyesha, na akajibu kuwa aliye katika njia ya Allah ni yule anayepigana ili neno la Allah liwe juu. Babu zetu, wengine walifuata mshahara, wengine walifungwa kamba wakachukuliwa. Nia zao anazijua Allah (s.w), sisi tunawaombea.

Nikawasimulia pia usia wa Abubakar (r.a) kwa jeshi lake lililokwenda Sham: msiue mtoto, mwanamke wala mzee, msikate mti wa matunda, msichinje mnyama ila kwa kula. Kisha nikawaeleza Ugogo, ambako majeshi yote mawili, kila moja kwa zamu yake, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Walilinganisha wenyewe. Sikuwaongezea neno.

Niliwapa kazi ya nyumbani: waulize wazee. Siku ya Jumatatu yule kijana alirudi na jina kamili la babu yake, ameliandika nyuma ya daftari la hesabu. Binti wa maandishi alirudi mikono mitupu. Bibi yake anajua tu kuwa mzee wao alichukuliwa upagazi na hakurudi. Akaniuliza, ubaoni tuandike nini? Tukaandika "mpagazi", tukaacha nafasi mbele yake.