Biashara ya Mtu Mmoja Kisiwani: Kwa Wanaoanza Goziba

Kijitabu hiki ni cha kwako unayeanza peke yako: mama lishe, muuza chapati, wakala wa pesa za simu, fundi simu, kinyozi, mchuuzi wa dagaa wa ndoo mbili tatu. Huna mwajiriwa wala mshirika. Unanunua wewe, unauza wewe, unadai wewe, na siku ukiugua mlango haufunguliwi.

Goziba ni kisiwa cha Wilaya ya Muleba, na fedha yake karibu yote hutoka ziwani. Kwa hiyo kabla hujauliza habari za mtaji, uliza fedha ya hapa huingia lini na hukauka lini.

Giza na mwezi

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale tu panapokuwa na giza. Mbalamwezi ikishatanda, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Kwa wiki moja au zaidi wavuvi hushona nyavu, wengine huvuka kwenda kuona familia zao. Siku hizo hata anayekupenda hana cha kukulipa.

Wengi huangukia hapa. Mtu anafungua kibanda wakati wa giza, anaona wateja wanajaa, anaagiza mzigo mara mbili, na mzigo unafika mwezi ukiwa umeshatoka. Chukua kalenda, weka alama kwenye kila mwezi mpevu, kisha andika mauzo ya kila siku kando ya tarehe yake. Baada ya miezi mitatu utajua ununue kiasi gani na wiki ipi. Angalia na mvua: dagaa huanikwa juani, na masika ikikaza mzigo huharibika, tajiri wa mtumbwi akakosa, na wewe ukakosa nyuma yake. Kama wateja wako wengi ni wavuvi wa sangara, mwezi hautakutikisa sana. Wajue wateja wako ni wa uvuvi gani.

Chapati zimekwenda wapi?

Tufanye hesabu moja pamoja. Bei ni za mfano, weka za kwako. Umenunua mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25 kwa shilingi 50,000. Nauli ya mzigo na mbebaji ni 4,000, mafuta ya kupikia 36,000, mkaa 12,000. Jumla 102,000. Umepata chapati 250 ambazo utaziuza siku tano, kila moja 500. Ukiziuza zote utashika 125,000, na faida ni 23,000.

Lakini nyumbani wamekula chapati nne kila siku: ishirini, yaani 10,000. Mvuvi amekopa ishirini nyingine, kisha kambi yake imehamia kisiwa kingine: 10,000. Umebaki na 3,000 kwa siku tano za kuamka alfajiri. Hakuna aliyekuibia. Fedha imetoka mbele ya macho yako bila kuandikwa.

Ndiyo maana tunasisitiza daftari, hata la kurasa arobaini. Andika kilichoingia, kilichotoka, kilicholiwa nyumbani na kilichokopwa. Jipangie posho ya siku, ichukue hiyo tu, na chakula cha watoto kitoke humo. Wakala wa pesa za simu awe mkali zaidi: fedha ya droo na salio la kwenye simu ni mtaji wa kuzungusha, chako ni kamisheni. Ukinunulia samaki fedha ya droo, kesho utamwambia mteja mtandao unasumbua, naye ataenda kwa wakala wa pili.

Kukopesha hakukwepeki kisiwani, maana mvuvi hula kwanza na kulipwa baadaye. Weka kikomo kwa kila mtu. Anayelipwa na tajiri anayejulikana mwalo mzima, mkopeshe tajiri akiwa anajua, na andika jina la mtumbwi pamoja na jina la mtu. Dai wakati wa giza, mauzo yanapofanyika. Anayesubiri mwezi utoke ndipo adai hatapata kitu zaidi ya ugomvi.

Usifunge kwa ajili ya kila safari

Kuvuka kwenda Bukoba au Mwanza kufuata bidhaa kunakula siku, na siku hizo kibanda kimefungwa. Tafuta muuzaji wa jumla unayemwamini, agiza kwa simu, lipa kwa simu, mzigo uje na boti. Orodha ibaki mkononi mwako, na uhesabu mzigo hapo hapo mwaloni kabla mbebaji hajaondoka. Weka akiba ya bidhaa kwa siku ambazo ziwa limechafuka. Ukilazimika kusafiri, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na vaa jaketi la kujiokolea. Usipande boti iliyozidisha mzigo kwa sababu unawahi soko.

Ukilala wewe, imelala biashara

Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, na taarifa za Shirika la Afya Duniani zilimtaja mgonjwa wa kwanza kuwa alikuwa ametoka safari ya Goziba. Watu tisa waliugua na sita walifariki kabla ya mlipuko kutangazwa kumalizika Juni 2. Nyakati kama hizo, na hata malaria ya kawaida, hakuna wa kukushikia kazi. Tenga akiba ya matumizi ya mwezi mzima, isichanganyike na mtaji. Kikundi cha VICOBA kinafaa. NSSF nayo hupokea michango ya waliojiajiri.

Kodi

Usimkimbie ofisa wa TRA. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari lake hulipa 30,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo ukienda kuchukua namba ya mlipakodi uliza vya mwaka huu, na uende na daftari lako.