Swali Lifike Bungeni: Mkazi wa Mbotela, Mwakilishi Wake na Huduma za Serikali

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Mbotela na mitaa jirani ya Makongeni, Maringo, Kaloleni na Jericho

Mtaa wenye jina la diwani

Tom Mbotela, aliyeupa mtaa huu jina, alikuwa diwani wa Nairobi na aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union. Aliuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata aliuawa diwani mwingine, Ambrose Ofafa, na jina lake likabaki Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Misimamo yao ilibishaniwa wakati ule na bado inabishaniwa. Hata hivyo, jambo moja halina ubishi: madiwani Waafrika katika jiji hili walikuwa wa kuhesabika, na mkazi wa kawaida wa Eastlands hakuwa na kura ya kumweka wala kumtoa hata mmoja wao.

Hata baada ya uhuru, kura hiyo iliwahi kutuponyoka. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la jiji, na Nairobi ikaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Kwa miaka hiyo yote, mtu wa Mbotela aliyekuwa na bomba la majitaka lililopasuka mlangoni hakuwa na diwani aliyemchagua, wa kusimama mahali popote na kuuliza kwa niaba yake.

Leo jiji lina wadi 85, na kila wadi ina mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti, yule tunayemwita MCA. Eneobunge la Makadara lina wadi nne: Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee na Makongeni. Hakikisha unajua wewe ni wa wadi ipi, kwa maana mipaka ya wadi haifuati kila mara majina ya mitaa tuliyoyazoea, na malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa kwa mwakilishi wa jirani.

MCA si benki ya mtaa

Tuseme wazi jambo linaloumiza mitaa yetu. Wengi wetu tunampima MCA kwa mchango aliotoa matangani, karo aliyolipa na nauli aliyompa kijana. Mwakilishi naye, akijua hivyo, huweka nguvu zake huko. Wakati huohuo zahanati inakaa bila dawa na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi.

Kazi aliyopewa na Katiba ni nyingine. Kifungu cha 185 kinalipa Bunge la Kaunti mamlaka ya kutunga sheria na ya kuisimamia serikali ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake. Kifungu cha 195 kinaliruhusu bunge hilo na kamati zake kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au taarifa, na katika hilo lina uwezo sawa na wa Mahakama Kuu. Afisa wa kaunti aliyeitwa na kamati hana ruhusa ya kukaa nyumbani na kupuuza. Huo ni uwezo mkubwa, na mwakilishi wako anaupata siku anapoapishwa. Ukimwomba elfu mbili za kukusaidia leo, umechukua kidogo na kuacha kikubwa.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Waziri wa kaunti si mjumbe wa bunge hilo, kwa hiyo haulizwi papo hapo kama ilivyo kwa mawaziri wa nchi nyingi. MCA husimama na kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika, iwe ya afya, maji, nyumba au barabara. Kamati huidai taarifa hiyo kutoka kwa idara, kisha mwenyekiti huirudisha bungeni na kuisoma. Ombi na jibu vyote huingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yote yanayosemwa bungeni. Ahadi iliyoandikwa humo ina tarehe na ina mwenyewe, na mwaka ujao mtu anaweza kuifungua na kuuliza imefikia wapi. Ahadi ya kwenye mkutano wa hadhara huisha spika zikizimwa.

Kila shida ina mlango wake

Serikali ni mbili, na Jedwali la Nne la Katiba limezigawia kazi. Ukibisha mlango usio wako utazungushwa mwaka mzima, na anayekuzungusha atakuwa na sababu halali.

Maji ndiyo yanayochanganya watu zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a. Ujenzi wa mabwawa na mabomba makubwa yanayoyaleta jijini husimamiwa na shirika la serikali ya kitaifa, Athi Water. Usambazaji mitaani, mita, bili na uzibaji wa mabomba ni kazi ya Nairobi Water, kampuni inayomilikiwa na kaunti. Mifereji ya Mbotela ikikauka siku ambayo ratiba ya mgao inasema maji ni yenu, swali ni la kaunti na mwakilishi wadi ana haki kamili ya kuliuliza. Jiji zima likikauka kwa sababu bwawa limeshuka, swali hilo ni la mbunge.

Taa nazo zina wenyewe wawili. Nguzo na balbu za barabarani ni za kaunti, pamoja na nyingi ya zile ndefu tunazoziita mulika mwizi, lakini umeme unauzwa na Kenya Power. Februari 2025 kampuni hiyo ilipoikatia kaunti stima kwa madai ya deni, malori ya kaunti yalimwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, na kila upande ukasema ndio unaodai mabilioni. Giza la mtaani kwenu, basi, linaweza kuwa la balbu iliyoungua, waya ulioibwa au bili isiyolipwa. Mwambie MCA aulize ni lipi kati ya hayo, kwa sababu kila moja lina dawa yake.

Zahanati, vituo vya afya na hospitali kama Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy ni za kaunti. Hospitali ya Kenyatta ni ya taifa, na vivyo hivyo SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Chekechea ni ya kaunti. Shule za msingi na za upili ni za taifa. Polisi, vitambulisho na pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee waliotimiza miaka 70, ni za serikali ya kitaifa. Anzia kwa chifu, na ukikwama mwendee mbunge. Barabara za ndani ya mtaa ni za kaunti, ilhali nyingi ya barabara kubwa za jiji ziko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini.

Na nyumba? Hapa mpangaji wa nyumba za kaunti ana nguvu asiyoijua. Mwenye nyumba wake ni serikali ileile ambayo mwakilishi wake analipwa kuihoji. Paa linalovuja, choo kilichoziba, kodi iliyolipwa ikaonekana bado ni deni: yote ni maswali halali ya bungeni. Ukivuka upande wa Makongeni hali ni tofauti, kwa kuwa nyumba zile zilikuwa za wafanyikazi wa reli na wala si za kaunti. Ndiyo maana majirani wawili wenye shida moja huenda wakahitaji kubisha milango miwili.

Wakati mwingine milango yenyewe huhamishwa. Februari 2020 gavana wa wakati huo alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji, na shirika la NMS (Nairobi Metropolitan Services) likazishika kazi hizo hadi 2022. Katika kipindi hicho MCA aliweza kuuliza City Hall na kuambiwa kazi hiyo haiko tena hapo. Kabla ya kuuliza kwa nini huduma ni mbovu, ulizeni kwanza nani anaishika leo, na mdai jibu kwa maandishi.

Swali lisilokwepeka

Mkazi anafika kwenye afisi ya wadi na kusema, "Mheshimiwa, zahanati yetu haina dawa." Ni kweli na ni chungu, lakini idara itajibu kwa sentensi moja: tatizo linajulikana na linashughulikiwa. Swali limekwisha hapo.

Sasa tazama mkazi yuleyule akija na karatasi. Ameandika tarehe ambazo wagonjwa waliandikiwa dawa wakaambiwa wakanunue kwenye duka la dawa, ni dawa gani, na ziligharimu pesa ngapi. Dawa za zahanati hununuliwa na kaunti, nyingi kupitia shirika la kitaifa la KEMSA, na kila hatua huacha karatasi. MCA akishika maelezo hayo anaweza kusimama na kusema hivi (huu ni mfano, mnaweza kuubadilisha):

"Mheshimiwa Spika, naomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya kuhusu ukosefu wa dawa katika zahanati iliyo wadini mwangu. Katika taarifa hiyo mwenyekiti aeleze: dawa ziliagizwa mara ya mwisho tarehe gani, agizo hilo lilikuwa la kiasi gani na lililipiwa lini, zilizofika ni ngapi na nani alizipokea kwa sahihi, na shehena inayofuata itafika tarehe ngapi."

Hakuna tusi wala siasa humo, wala nafasi ya kusema "linashughulikiwa". Kila kipande kinadai tarehe, idadi au jina la cheo. Ikiwa dawa ziliagizwa zikalipiwa lakini hazikufika, jibu litafichua. Ikiwa hazikuagizwa kabisa, litafichua pia. Muundo huu unafaa kwa taa, taka, vyoo vya soko na basari. Kwa basari, msiulize majina ya watoto waliopata, kwa sababu hiyo ni siri yao. Ulizeni vigezo vilivyotumika, kiasi kilichotengewa wadi na kiasi kilichofika shuleni.

Nendeni afisini mkiwa kikundi: kina mama wa chama, vijana wa bodaboda, wazee wa Nyumba Kumi. Mtu mmoja huonekana ana kesi yake binafsi. Acheni nakala ya barua na mbaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mwakilishi akinyamaza

Hutokea. Pengine ana hofu, pengine ana uhusiano na mwenye kandarasi, pengine ana mambo mengi tu. Sheria haikukuacha mikononi mwake peke yake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Hutahitaji wakili, na Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Eleza shida, taja hatua mlizochukua na majibu mliyopata, sema kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo, kisha mwisho mwandike mnachotaka bunge lifanye. Wekeni majina, nambari za vitambulisho na sahihi, mpeleke kwa karani wa bunge hilo, City Hall.

Ipo pia Sheria ya Upataji Habari ya 2016, ambayo kwa maoni yetu ndiyo silaha isiyotumika kabisa Eastlands. Mkenya yeyote anaweza kuiandikia afisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, aombe nakala ya kandarasi ya barabara, orodha ya dawa zilizopokelewa au rekodi ya kodi yake. Afisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ina saa 48. Kuomba hakutozwi ada, ila unaweza kulipia gharama ya nakala. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusema kwa mdomo, na afisa ni lazima amwandikie. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayojulikana zaidi kama Afisi ya Ombudsman. Huduma yake ni ya bure.

Na milango ya bunge iko wazi. Kifungu cha 196 kinataka vikao vya Bunge la Kaunti na vya kamati zake vifanywe hadharani, na umma haufukuzwi ila kwa sababu za kipekee. Siku ombi lenu linasomwa, wachache wenu mkae kwenye roshani ya wageni. Mwenyekiti wa kamati husoma kwa uangalifu zaidi akijua wenye shida wanamsikiliza.

Pesa zina msimu wake

Swali zuri lililoulizwa Julai kuhusu barabara isiyo kwenye bajeti litajibiwa kwamba hakuna pesa, na jibu hilo litakuwa kweli. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na hapo ndipo mradi wa mtaa wenu unapopaswa kutajwa kwa jina. Waraka wa mwelekeo wa matumizi hufika kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo huja mikutano ya kukusanya maoni ya umma, ambayo mara nyingi huhudhuriwa na watu walewale. Kufikia tarehe 30 Juni bajeti huwa imepitishwa.

Wakati wa kusukuma, basi, ni kati ya Agosti na Mei. Pangeni mkutano mmoja wa mtaa kabla ya Septemba na mwingine kabla ya Aprili, mmwalike mwakilishi wenu, mmpe maswali yasiyozidi matatu yaliyoandikwa, na mmwombe awape tarehe ya kurudi na majibu. Kijitabu hiki hakiuzwi. Ukimaliza kukisoma mpe jirani, na umsomee asiyejua kusoma.