Kukoma kwa Hedhi na Dawa za Homoni: Tumwendee Nani?



Ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tutajifunza juu ya jambo ambalo akina mama wengi hulipitia kimya kimya, nalo ni kukoma kwa hedhi. Hatutaishia kwenye dalili zake tu. Tutaangalia hasa dawa za homoni: zinafanya kazi gani, zinamfaa nani, zinamdhuru nani, na ni mtaalamu gani wa kumwendea.

Tumelichagua somo hili kwa sababu hapa kwetu Nyahanga, na katika vijiji vya mashambani na vya migodini, mama wa miaka 48 au 50 akianza kushikwa na joto la ghafla huambiwa mambo mengi. Mmoja humwambia ni malaria, wa pili taifodi, wa tatu presha, na wa nne humnong'oneza kwamba amerogwa. Kila mmoja ana dawa yake ya kumwuzia. Fedha ya mpunga inakwisha, na mama bado halali usiku.

KUKOMA HEDHI NI NINI?

Kukoma hedhi si ugonjwa. Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote katika ovari, na mayai hayo hupungua mwaka hata mwaka. Yakikaribia kwisha, ovari hupunguza kutengeneza homoni mbili kubwa, yaani estrojeni na projesteroni. Hedhi huanza kuja bila mpango, kisha hukoma. Tunasema mama amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, bila sababu nyingine kama mimba au kunyonyesha. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55.

Ikitokea kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno na lazima mama huyo aonwe na daktari, hata kama hana dalili inayomsumbua. Vivyo hivyo mama aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji: kwake hedhi hukoma ghafla, na dalili huwa kali.

DALILI ZAKE

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, likifuatwa na jasho, kisha pengine baridi. Hudumu dakika chache. Usiku huweza kulowesha shuka. Nyingine ni kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, huzuni, usahaulifu, maumivu ya viungo, ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kukojoa mara kwa mara. Wapo akina mama wasiopata hata moja. Wapo pia wanaosumbuka kwa miaka 7 au zaidi. Polepole, bila mama kuhisi kitu, mifupa nayo hupungua uimara wake.

SI KILA JASHO NI LA KUKOMA HEDHI

Hapa ndipo elimu ya mhudumu huanza kuonekana. Mhudumu anayejua hakimbilii kuandika dawa. Kwanza anahakikisha kwamba hakuna kitu kingine. Katika eneo letu yafaa kukumbuka haya:

1. Malaria. Homa ya malaria huonekana kwenye kipimajoto, na malaria huthibitishwa kwa kipimo cha damu. Joto la kukoma hedhi huja na kuondoka, na kipimajoto hakioneshi homa. Usimeze dawa ya malaria bila kupimwa.

2. Kifua kikuu. Jasho la usiku pamoja na kukohoa wiki mbili au zaidi, au kukonda, ni sababu ya kupima makohozi. Jambo hili ni zito kwa familia za wachimbaji, maana vumbi la mawe huharibu mapafu na kuyafanya yashikwe upesi na kifua kikuu. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI nacho kisisahauliwe. Umri wa miaka 50 haumkingi mtu.

3. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Huleta jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukonda.

4. Zebaki. Akina mama wanaofanya kazi kwenye mialo ya kuchenjua dhahabu, au wanaoishi pale inapochomwa, huweza kupata kutetemeka, kukosa usingizi, hasira na usahaulifu kutokana na mvuke wa zebaki. Mweleze daktari kazi yako bila kuficha.

5. Mimba. Mama wa miaka 46 aliyekosa hedhi miezi mitatu bado aweza kuwa mjamzito. Kipimo cha mkojo hakina gharama kubwa.

Kuna jambo moja la kulishika kuliko yote: damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata ikiwa tone moja, si hedhi iliyorudi. Nenda hospitali. Yaweza kuwa jambo dogo, lakini yaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, au saratani ya mfuko wa uzazi. Kichocho nacho huweza kujeruhi njia ya uzazi na kuleta damu. Mtu yeyote anayekupa homoni kabla ya kuchunguza damu hiyo hakutendei haki.

DAWA ZA HOMONI HUFANYA NINI?

Dawa hizi humrudishia mama sehemu ya estrojeni iliyopungua. Hakuna dawa nyingine inayotuliza joto la ghafla na jasho la usiku kuzishinda hizo. Huimarisha pia mifupa. Zipo za vidonge, za kubandika kwenye ngozi, za kupaka, na za kuweka ukeni.

Mama ambaye bado ana mfuko wa uzazi hapaswi kupewa estrojeni peke yake ya vidonge au ya kubandika. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko na huweza kuleta saratani. Ni lazima iambatane na homoni ya pili ya jamii ya projesteroni ili kuulinda mfuko. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida hutumia estrojeni peke yake. Krimu ya kiasi kidogo ya kuweka ukeni kwa ajili ya ukavu ni jambo jingine, kwa kuwa huingia kidogo sana katika damu na haihitaji homoni ya pili.

Vidonge vya uzazi wa mpango havichukui nafasi ya matibabu haya. Mara nyingi muuza dawa humpa mama wa miaka 52 vidonge hivyo akisema "ni homoni zile zile". Si zile zile. Vingi vina estrojeni yenye nguvu zaidi, na kwa mama mwenye umri huo, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, huongeza hatari ya damu kuganda na kiharusi.

HOFU ILITOKA WAPI?

Wapo hata watumishi wa afya wanaosema, "Homoni huleta saratani, achana nazo." Hofu hiyo ilienea hasa kuanzia Julai 2002. Wakati huo utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha akina mama 16,608 waliokuwa wakipewa homoni mbili au vidonge visivyo na dawa ulisimamishwa. Kati ya kila akina mama 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 kwa wenye homoni na 30 kwa wasio nazo. Waliopata kiharusi walikuwa 29 kwa 21. Kwa upande mwingine, waliovunjika nyonga walikuwa 10 kwa 15.

Hatari ilikuwepo, basi, lakini ilikuwa ndogo kuliko ilivyovumishwa. Tena wastani wa umri wa akina mama wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba kwa mama mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara ikiwa dalili zinamtesa. Imeonekana pia kwamba estrojeni ya kubandika au kupaka haiongezi hatari ya damu kuganda kama vile vidonge. Mnamo Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa maonyo makali yaliyokuwa kwenye dawa hizi, lakini onyo la saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni peke yake lilibakizwa.

NANI ASITUMIE?

Kwa kawaida hazimfai mama aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, mwenye damu ya ukeni isiyojulikana chanzo, aliyewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda mguuni au mapafuni, au mwenye ugonjwa mkali wa ini. Mwenye presha aishushe kwanza. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kifafa aseme, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya homoni.

Hao wote hawaachwi hivi hivi. Kuna dawa zisizo za homoni ambazo daktari anaweza kuwaandikia.

UTAMTAMBUAJE ANAYEJUA?

Usiangalie koti jeupe tu. Angalia maswali anayokuuliza. Mtaalamu anayejua atakuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kama una mfuko wa uzazi, kama kuna saratani ya matiti katika ukoo, na dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Atapima presha na uzito, atachunguza matiti, na atakuelekeza upimwe mlango wa kizazi. Kisha atakupangia tarehe ya kurudi, kwa kawaida baada ya miezi mitatu. Anayekupa dawa dirishani bila hata kukupima presha, mshukuru na uondoke.

Wewe nawe uwe na maswali yako: Dawa hii inaitwaje? Je, ina homoni moja au mbili? Nitaitumia hadi lini? Dalili gani ikitokea nirudi upesi? Andika majibu kwenye daftari lako la kliniki.

PA KWENDA

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kwa vipimo vya malaria, presha na mimba. Usiposaidika, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Manispaa ya Kahama au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga, ukaulize kliniki ya magonjwa ya wanawake. Tatizo likiwa gumu, iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, ambayo ni ya maaskofu wetu. Tangu mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikipeleka madaktari bingwa kwa siku chache katika hospitali za halmashauri. Tangazo la namna hiyo likisomwa, msiliache lipite.

JE, KANISA LINAKATAZA?

Akina mama kadhaa huogopa kwamba kutumia homoni ni kuvunja mafundisho ya Kanisa. Mtakatifu Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, namba 15, alifundisha kwamba Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya mwili. Mama anayetibiwa mateso ya kukoma hedhi anatibiwa tu. Basi asijinyime tiba kwa woga.

Tumkumbuke pia mama yule wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga bila kupata nafuu. Bwana hakumlaumu kwa kutafuta. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka.

NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

Ninyi akina baba, mkeo akikataa tendo la ndoa kwa sababu ya maumivu, hajakuchoka. Msindikize hospitali. Chakula cha kuimarisha mifupa kipo: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani. Kazi na kutembea vinasaidia. Pombe na sigara vipunguzwe au viachwe. Usiku mama avae nguo nyepesi ya pamba.

Jambo la mwisho ni zito. Kanda yetu imebeba aibu ya kuua akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni, yamewagharimu wengine maisha yao. Mama anayetoka nje saa nane usiku kupunga joto, au aliyebadilika tabia kwa kukosa usingizi, ni rahisi kusemwa vibaya na majirani. Ukilijua somo hili, una wajibu wa kusema: "Huyu si mchawi. Huyu ni mama aliyekoma hedhi, na dawa yake ipo."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NA WAWATA

1. Mama mwenye mfuko wa uzazi akipewa estrojeni peke yake, kuna hatari gani?
2. Taja mambo manne ya kuchunguza kabla ya kusema jasho la usiku ni la kukoma hedhi.
3. Katika mtaa wetu, nani anauza dawa za homoni bila kupima? Tuwasaidieje akina mama wanaomwendea?
4. Tufanye nini jirani yetu akianza kusingiziwa uchawi?

Mungu awabariki, na awajalie afya njema.