Biashara tatu, hesabu moja: soma hii kabla ya kuuza pikapu

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa Nakuru wenye biashara tatu: hadiwea, kinu cha posho na pikapu ya kubeba mizigo. Ni mfano tu, lakini zunguka soko lolote Kenya na utakutana na wenzao. Mwisho wa mwezi wanaketi na madaftari yao. Hadiwea imeleta faida ya Sh110,000. Kinu kinajilipia, kwa hivyo tukiache kando. Pikapu imeingiza Sh52,000 kutoka kwa wateja wa nje, ila imekula Sh78,000 kwa mafuta, dereva na matengenezo. Hasara ya Sh26,000. Mmoja wao anasema, "Hii gari tuiuze tu."

Swali letu kwao ni moja: mwezi huo, pikapu ilibebea hadiwea mzigo mara ngapi?

Tuseme mara 30, ikipeleka simiti na mabati kwa wateja. Hakuna aliyeandika, kwa sababu gari ni letu na duka ni letu. Sasa hebu tuhesabu kila safari kwa Sh1,500. Hiyo ni Sh45,000 ambazo hadiwea ingeilipa pikapu. Mapato ya pikapu yanapanda hadi Sh97,000, na ile hasara inageuka faida ya Sh19,000. Faida ya hadiwea nayo inashuka hadi Sh65,000. Jumlisha hizo mbili: Sh84,000, sawasawa na awali. Familia haijapata hata shilingi ya ziada, lakini sasa inajua nani anambeba nani.

Wakiiuza, hadiwea italazimika kukodi gari la nje. Kwa Sh2,000 kila safari, hizo ni Sh60,000 kwa mwezi. Faida ya Sh110,000 inabaki Sh50,000, na pikapu haipo tena. Yaani wangeondoa "hasara" ya Sh26,000 na kujikuta wamepungukiwa Sh34,000 kila mwezi.

Kampuni kubwa zinalijua tatizo hili vizuri. Kundi la kampuni, yaani kampuni mama na zile inazozimiliki, huwa na hesabu za kila kampuni na pia hesabu za kundi zima. Katika hesabu za kila kampuni, huduma waliyouziana huandikwa. Katika hesabu za kundi, mauzo hayo ya ndani huondolewa, maana pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto si mapato. Kwa ndugu zetu, zile Sh45,000 zinaonekana kwenye daftari la pikapu na la hadiwea, lakini hazihesabiwi mara ya pili wanaposema familia imeuza kiasi gani.

Kufanya hivyo kwa mkono kunachosha, ndiyo maana kukawa na mifumo jumuishi ya taarifa. Mwaka wa 1972 wahandisi watano waliotoka IBM walianzisha SAP huko Ujerumani, na wazo lao mpaka leo ndilo msingi wa mifumo hii: jambo liandikwe mara moja, na kila idara ilione papo hapo. Ukiuza mifuko kumi ya simiti, stoki inapungua, deni la mteja linaandikwa, dereva anaona safari mpya, na mhasibu haulizi mtu.

Kwa biashara ndogo, mahali rahisi pa kuanzia ni pale pesa zinapoingilia. Biashara tatu zikitumia nambari moja ya Till, ujumbe utakuonyesha nani amelipa na kiasi gani, lakini hautakuambia amelipia unga ama misumari. Till haimwombi mteja nambari ya akaunti. Kwa hivyo mna njia mbili: kila biashara iwe na Till yake, au mtumie Paybill moja na kila biashara ipewe nambari yake ya akaunti. Paybill ina shida moja, kwamba mteja huandika nambari hiyo mwenyewe na anaweza kukosea. Mfumo wenu wa mauzo ukiunganishwa na wa malipo, ombi linatokea kwenye simu ya mteja likiwa na nambari tayari, naye anaweka PIN tu.

Halafu hifadhini nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu inayokuja na kila ujumbe. Hairudiwi. Iandikwe kwenye risiti, na mtu akisema alilipa juzi, hamtakuwa na ubishi mrefu.

Lakini programu haitawasaidia kama hamjakubaliana majina. Duka moja linaweza kuwa na "simiti", "simiti 50kg" na "Bamburi", na yote ni mfuko uleule. Kompyuta itaona bidhaa tatu, na itakuambia moja imeisha ilhali stoo imejaa. Mfumo jumuishi husambaza makosa haraka kama unavyosambaza ukweli. Kaeni chini siku moja muandike orodha ya majina kwanza, hata kwa kalamu. Na bei ya safari za ndani pia muikubali siku hiyo. Iwe karibu na bei ya soko, la sivyo mtakuwa mnampendelea mmoja bila kujua.

Kama hadiwea na pikapu ni kampuni mbili zilizosajiliwa, kila moja ina PIN yake ya KRA. Zikiuziana huduma, ankara ya eTIMS inahitajika kama kwa mteja mwingine yeyote. "Ni letu" haitoshi hapo.

Mwisho, amueni nani aone nini. Anayeuza dukani anahitaji kuona malipo yaliyoingia. Hahitaji uwezo wa kutoa pesa, na hahitaji kuona hesabu za kinu. Kila mtu aingie kwa jina lake na nywila yake. PIN ya kutoa pesa isibandikwe kwenye kaunta wala kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, hata kama wote ni ndugu.