Mwanga na Picha ya Sarafu ya Mnada

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, ina sura ya tembo. Inaponadiwa kwa intaneti, mnunuzi hawezi kuishika. Huamua kwa picha tu. Hivyo picha haina budi kusema kweli.

Miale ikianguka wima juu ya metali, hurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Uso hung'aa na alama hufifia. Taa ikiwekwa chini ubavuni, kila mwinuko hutupa kivuli: tembo huonekana, na mikwaruzo pia. Pande zote mbili zipigwe picha, rula ikiwa kando. Sarafu isisuguliwe, kwani kusugua huondoa metali na kupunguza thamani.

Wanafunzi wajaribu kwa tochi na sarafu yoyote.