Dizeli Inapokosa Pumzi

Ukimuuliza mwanafunzi wa mekanika injini ya dizeli inaongezaje nguvu, mara nyingi atakujibu kwa mazoea ya petroli: unakanyaga, kipepeo cha hewa kinafunguka, injini inavuta. Sivyo jamani. Kwenye dizeli kinachopimwa ni mafuta. Hewa inaachwa iingie karibu yote. Ndiyo maana uwiano wa hewa kwa mafuta unaweza kuwa 18 kwa 1 injini ikiwa na mzigo, na ikiwa sailensa ukapita hata 60 kwa 1.

Sasa mbona dizeli za kisasa zina kipepeo? Kazi yake ni nyingine. Kinajifunga kidogo ili presha ya upande wa kuingilia ishuke, moshi unaorudishwa kupitia vali ya EGR upate kuvutika. Pia kinafunga ukizima injini, isizime kwa mtikisiko. Ukikikuta wazi kabisa wakati wa mzigo, hilo si kosa. Kosa ni kuganda kwa masizi kikiwa nusu.

Dalili za kukosa hewa zinafanana zote: moshi mweusi, gari halipandi mlima, taa ya injini imewaka. Skana inatoa P0299, yaani presha ya tabo iko chini. Hapo wengi wetu tukiwa fildi tunasema "tabo imekufa". Lakini ile kodi inataja dalili tu, haimtaji mgonjwa. Kinachomtaja ni sensa mbili ukizisoma pamoja: ya kiasi cha hewa, inayokaa baada ya ea klina, na ya presha, inayokaa karibu na silinda.

Kiasi kikiwa chini na presha chini, tazama ea klina iliyoziba, au tabo yenyewe. Kiasi kikiwa cha kawaida au juu lakini presha chini, hewa imeshapimwa kisha inapotea njiani: kuna uvujaji baada ya tabo. Kiasi kikiwa chini huku presha ikiwa sawa, huenda mpira kati ya sensa na tabo umepasuka, na huo ni wa kuwahi, maana vumbi lisilochujwa linasaga mapanga ya tabo.

Namba zenyewe unaweza kuzikadiria kwa hesabu ya mwaka wa kwanza. Injini ya lita 3.0 yenye mipigo minne inameza lita 1.5 kila mzunguko. Kwa mizunguko 800 kwa dakika hiyo ni lita 20 kwa sekunde. Ukichukulia silinda zinajaa asilimia 85, Dar es Salaam utategemea karibu gramu 20 kwa sekunde, vali ya EGR ikiwa imefungwa. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama gramu 17. Ukisoma nusu yake, amuru vali ifunge kwa skana. Isipopanda, zuia njia ya EGR kwa kipande cha bati. Ikipanda sasa, vali imeganda wazi. Sensa usiinunue bado.

Mwinuko huohuo unawachanganya watu kwenye presha. Ufunguo ukiwashwa bila kuwasha injini, sensa ya presha isome hewa ya nje: pwani kama kPa 101, Mbeya kama 82. Hiyo 82 si ubovu. Tena skana nyingi zinaonyesha presha kamili, kwa hiyo 200 haimaanishi tabo imeongeza 200. Toa kwanza ya nje.

Nikiwa fildi Mbeya ililetwa pikapu ya mama anayesambaza viazi. Kwingine ameambiwa anunue tabo ya mtumba, na mkopo wa kikoba ameshachukua. "Mwanangu, nifungieni leo leo, mzigo unaoza," akaniambia. Fundi wangu akamjibu, "Mama, tupe saa moja." Tulipanda nayo mlima. Presha iliyoamriwa ilikuwa 210, iliyopatikana 115, na sensa ya kiasi iko juu kabisa. Tukarudi, tukazima, tukaziba mdomo wa kuingilia, tukajaza hewa ya presha ndogo na kupaka maji ya sabuni. Povu likatoka chini ya mpira wa intakula, upande usioonekana, pale palipolowa oili na kushika vumbi. Ufa ule unafunguka ukisukumwa tu. Ukiushika kwa mkono mpira mzima. Mkopo akarudisha.

Kama mipira ni mizima, jaribu mkono wa tabo yenye mapanga yanayogeuka. Kwa ile ya vakyumu, vuta kwa pampu ya mkono: mkono uende mpaka mwisho bila kukwama na ukae hapo. Ukirudi wenyewe, ngozi ya ndani imetoboka. Ukikwamakwama, ni masizi.

Jambo moja karakana nyingi hazilisemi mpaka litokee. Sili ya tabo ikifa, injini inaweza kuanza kula oili yake yenyewe, ikapanda mizunguko, na ufunguo hauizimi. Gari la gia za mkono: gia ya juu kabisa, breki mpaka chini, achia klachi. La otomatiki, ziba njia ya hewa kwa ubao mnene. Kiganja au tambara usithubutu, vinavutwa ndani.