Mkwaju Umelala Upande Gani? Somo la Kusafisha Njia za Faili

Darasani tumefundishwa alama za uakifishaji: nukta, mkato, nukta pacha na ile iitwayo mkwaju (/). Wengi wetu hudhani kazi ya mkwaju ni kuandika "na/au" tu, basi. La hasha! Ndani ya kompyuta alama hii ndogo yaweza kuamua ni kazi ya nani itaonekana na ya nani itapotea. Fuatana nami.

Njia ya faili ni nini?

Faili hukaa ndani ya folda, na folda nayo hukaa ndani ya folda nyingine. Njia ni maelezo ya kuifikia faili, kutoka folda ya nje hadi ya ndani. Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Mtu akikuambia, "Nenda Malaba," utamwuliza, "Malaba ipi?" kwa kuwa ziko mbili, zinatazamana mpakani. Ya upande wetu tungeiandika hivi: Kenya/Busia/Malaba, maana imo katika Kaunti ya Busia. Ya jirani ni Uganda/Tororo/Malaba, maana imo katika Wilaya ya Tororo. Njia ya namna hii, inayoanzia juu kabisa, ni njia kamili. Lakini ukisema "Malaba" peke yake, hiyo ni njia tegemezi: maana yake inategemea umesimama wapi.

Kuna vifupisho viwili pia. Nukta moja (.) maana yake ni "hapa nilipo". Nukta mbili (..) maana yake ni "rudi nje folda moja". Kwa hivyo Kenya/Busia/../Busia/Malaba ni kama mtu aliyetoka nje ya kaunti akarudi papo hapo. Ukiisafisha, inabaki Kenya/Busia/Malaba.

Ugomvi ulianzia wapi?

Mfumo endeshi wa Unix, ulioanza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, ulitenganisha folda kwa mkwaju wa kawaida (/). Linux ikafuata nyayo hizo. MS-DOS ya kwanza, mwaka 1981, haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju ulikuwa tayari umepewa kazi nyingine ya kuongezea amri masharti. Toleo la 2.0 lilipoleta folda mwaka 1983, mkwaju ulikuwa umeshashikwa, ndipo ukachukuliwa mkwaju wa nyuma (\). Windows ikaurithi. Kompyuta za Macintosh za zamani nazo zilitumia nukta pacha, mpaka Mac OS X ya mwaka 2001 ilipoingia katika ukoo wa Unix.

Matatizo yanayotokea

Kwanza, ni huo mkwaju wenyewe. Kwa Windows, insha\mto.txt ni faili iliyo ndani ya folda ya insha. Kwa Linux, hilo ni jina moja tu la faili, lenye mkwaju wa nyuma katikati yake.

Pili, ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Mto.txt na mto.txt ni faili mbili tofauti. Kwa Windows, kwa kawaida ni faili moja.

Tatu, ni majina. Windows hukataa jina la faili lenye alama kama ? au * au nukta pacha. Hadithi iitwayo "Nani Mkubwa?" itahifadhiwa vizuri kwa Linux, lakini Windows itaikataa.

Nne, ni mtego wa Python. Ukiandika "D:\taarifa\nauli.txt" ndani ya programu, \t itageuka kuwa nafasi ndefu na \n itakuwa mstari mpya. Taarifa imekatwa kichwa, nauli nayo imeshushwa njiani!

Msidhani hizi ni porojo. Makala za jarida hili zilipokuwa zikikusanywa, orodha ya faili iliandikwa kwenye kompyuta ya Windows. Ilipopelekwa kwenye kompyuta ya Linux ili kurasa zipangwe, programu ikasema insha za Kidato cha Kwanza hazipo, ilhali zilikuwa pale pale kwenye folda yao. Kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Wengine wakasema, "Si tuchape tu bila wao?" Jameni! Mtoto aliyekesha akiandika insha yake ya kwanza aachwe nje kwa sababu ya mkwaju?

Dawa yake

Tujifunze kwa mpaka wetu. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi mwezi Februari 2018, lori haliandikishwi upande huu kisha likaandikishwe tena ng'ambo. Linaloingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda. Linaloingia Kenya hukaguliwa huku kwetu. Ukaguzi ni mara moja, mahali pa kuingilia. Programu nayo iwe hivyo: safisha njia mlangoni inapoingia, kisha ndani kote itumike kwa namna moja. Usitawanye marekebisho kila ukurasa.

Python ina zana iitwayo pathlib, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Tazama:

from pathlib import Path, PureWindowsPath
njia = PureWindowsPath(r"insha\kidato1\mto.txt").as_posix()

Jibu ni insha/kidato1/mto.txt, hata ukiwa kwenye Linux. Herufi r iliyotangulia inazuia ule mtego wa \t na \n. Hivyo ndivyo orodha ya jarida ilivyosafishwa, na insha zote za Kidato cha Kwanza mtazisoma humu.

Lakini tahadhari! Usibadilishe kila mkwaju wa nyuma bila kuuliza njia imetoka wapi, kwa kuwa Linux inaruhusu alama hiyo ndani ya jina. Tena, zichunge zile nukta mbili. Mtu akikuletea insha/../../siri/alama.txt, anajaribu kutoka nje ya folda aliyoruhusiwa. Itatue njia yote kwanza kwa resolve(), kisha hakikisha mwisho wake bado umo ndani. Afisa mzuri hatazami ulikoanzia tu. Hutazama pia unakoishia.

Mwisho, mazoea mema: majina yawe ya herufi ndogo, bila nafasi wala alama za ajabu, na njia uziunganishe kwa pathlib, usizigandishe kwa mkono.

Zoezi

1. Safisha njia hii: jarida/./picha/../insha/mto.txt
2. Kwa nini "C:\nyumbani\tamthilia.txt" italeta matata katika Python?
3. Taja majina mawili ya faili ambayo Linux huyaona tofauti na Windows huyaona sawa.

Majibu mletee katibu wa chama. Kiswahili kitukuzwe!